Kubeba kinasaba cha selimundu kunamkingaje mtoto na malaria kali?

Mdadisi:
Waungwana, naomba ufafanuzi. Vipimo vimeonyesha kwamba mwanangu ana himoglobini AS, yaani amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na mhudumu aliyetusomea majibu akasema kwa tabasamu kwamba mtoto huyo "ana kinga ya malaria". Kasoro ya damu inawezaje kuwa kinga? Na je, ninaweza kulegeza matumizi ya chandarua?

Mpima Damu:
Ndugu Mdadisi, naanza na swali la pili kwa sababu ndilo lenye hatari: usilegeze. Mwenye AS huambukizwa na anaweza kushikwa na homa. Anachoepushwa, kwa kiasi kinachokaribia asilimia 90, ni malaria kali, ile inayomfikisha mtoto kwenye degedege na kupoteza fahamu.

Kimelea cha Plasmodium falciparum kikiendelea kukomaa ndani ya chembe nyekundu, huotesha juu ya utando wa chembe hiyo vinundu vyenye protini inayonata, na kwa vinundu hivyo chembe hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwamo ya ubongo, isije ikapita kwenye wengu na kuchujwa. Katika chembe ya AS vinundu hivyo huota ovyo, kwa hiyo kunata huwa hafifu. Isitoshe, oksijeni inapopungua, himoglobini S, ile ya selimundu, hushikamana, kimelea hudumaa na chembe hupinda. Nimeliona hilo kwenye hadubini: tone la damu ya AS likizibwa chini ya kioo pamoja na kemikali inayoondoa oksijeni, chembe zilizokuwa duara huchongoka ncha, moja baada ya nyingine.

Msomi wa Vinasaba:
Naongeza jambo moja. Mtafiti Anthony Allison, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1954, alikuwa ameona nchini Kenya kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, lakini ni wachache nyanda za juu. Hata hivyo, utafiti wa Kilifi ulionyesha jambo la ajabu: thalasemia ya alfa, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini, nayo hukinga, lakini ikikutana na AS kwa mtoto mmoja, kinga hizo mbili hufutana. Ndiyo maana sipendi neno "kinga" litamkwe kirahisi.

Mdadisi:
Nashukuru. Basi mwenye SS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa wazazi wote wawili, ana kinga maradufu?

Mpima Damu:
La, ni kinyume chake. Wengu wake mara nyingi huwa umeharibika tangu utotoni, na malaria humshusha damu ghafla hata kuhatarisha uhai. Kwa kuwa mwanao ana AS, mmoja wenu wazazi, kwa uchache, anabeba S. Pimeni nyote wawili kabla ya ujauzito mwingine, kwani mkiwa nyote AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaliwa mtoto mwenye SS.