MJADALA: Kutafuta uhai nje ya Dunia kunatuhusu nini sisi watu wa Arusha?

Mleta mada:
Wakuu, kila ikija habari ya kutafuta uhai huko angani, jibu la hapa mjini ni moja: hayo ni mambo ya wenye fedha zao. Napinga. Serikali itenge fungu kwa utafiti huu, na pa kuanzia ni Ziwa Natron.

Sayari ya Zohali ina mwezi uitwao Enceladus. Ni mdogo, upana wake kama kilomita 500. Barabara ya Arusha hadi Dar ni ndefu kuliko huo. Juu ni barafu, chini yake bahari. Mwaka 2005 chombo cha anga cha Cassini, kilichokuwa kikiichunguza Zohali, kiligundua kuwa maji yanaruka nje kupitia nyufa za ncha ya kusini. Baadaye kilipita katikati ya manyunyu hayo na kupima chembe zake, zikakutwa na chumvi na kabonati ya sodiamu, yaani magadi, kama haya tunayolainishia makande. Mwaka 2023 vipimo vyake vilipopitiwa upya ikaonekana fosfeti, ambayo kila kiumbe tunachokijua huihitaji ili kiishi. Uhai wenyewe bado hakuna aliyeuona.

Natron iko mkoani kwetu, karibu na Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotapika lava iliyojaa kabonati ya sodiamu. Maji ya ziwa yanaunguza ngozi, na bado vijidudu vimesheheni humo hadi maji yanageuka mekundu, na heroe (flamingo) wanatagia humo humo. Anayetaka kujua uhai huachaje alama ndani ya magadi, ajifunzie hapa. Sitaki vijana wetu wabaki madereva wa watafiti wageni ilhali Taasisi ya Nelson Mandela, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, iko hapo Tengeru. Siombi roketi. Naomba hadubini, vifaa vya kusoma vinasaba na nafasi za masomo. Kenya, Msumbiji na Zambia ni washirika wa SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia. Sisi hatumo!

Mdau, Ngarenanyuki:
Kaka, kwa heshima zote. Huku kwetu chini ya Mlima Meru maji yana floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku yapo maji yanayopita hapo kwa mbali. Watoto wana meno ya kahawia, wengine mifupa imepinda. Hela ya umma ikienda kutafuta vijidudu vya Zohali kabla bomba la maji salama halijatufikia, nitaionaje kuwa haki?

Mleta mada:
Dada yangu, pole sana. Fedha ya maji isiguswe hata senti, hapo niko nawe. Ila tazama kinachotokea ardhini. Maji yakiwa na kabonati nyingi, kalsiamu hugeuka chokaa na kutuama. Kalsiamu hiyo ndiyo ingeishika floraidi. Ikikosekana, floraidi inabaki kwenye maji mnayokunywa. Wanasayansi wanaeleza fosfeti ya Enceladus kwa njia hiyo hiyo: kalsiamu imeshikwa na kabonati, fosfeti ikabaki imeyeyuka. Kijana atakayesomea kemia ya Natron atakuwa anasomea na maji ya Ngarenanyuki. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote niliyosema juu.

Mdau, Moshi:
Naunga mkono kwa sharti. Mwaka 2025 watafiti wa Cambridge walitangaza dalili za gesi inayoweza kutokana na uhai kwenye K2-18b, sayari inayozunguka nyota nyingine, miaka ya nuru kama 124 kutoka hapa. Wenzao wakachambua data zile zile wakasema ushahidi hautoshi. Nafundisha sayansi, vijana wafundwe kutilia shaka kabla ya kushangilia. Halafu, wenyeji wa Natron wameulizwa?

Mleta mada:
Mwalimu, sharti nimelipokea. Kuhusu wenyeji umenena kweli, nami nilipaswa kuanza nao. Wamaasai wa Engaresero na Pinyinyi ndio wanaoishi na ziwa lile. Pasichotwe hata chupa moja kabla ya kuketi na wazee wao na kukubaliana nani aingie na vijana wao wapate nini. Na kila sampuli itakayokwenda ng'ambo, nusu yake ibaki Tengeru.