Maungio ya mabomba ya kuchorongea: kotingi (tabaka la kulinda chuma) ngumu zaidi ndio bora?

Fundi_Mtwara: Wakuu habari zenu. Tuna karakana ya vifaa vya riga (mitambo ya kuchoronga visima) na tunajipanga, ikitokea kazi za gesi ya bahari kuu zimerudi huku kusini (Kitalu namba 2 maji peke yake yanafika kama mita 2,500) tusiwe nyuma. Maungio ya mabomba yanalika sana, bosi anataka tuchomelee tungsteni kabaidi maana ndo ngumu kuliko zote. Yuko sawa? Na rodi za silinda za haidroliki tubaki na kromu?

Mchorongaji: Hapana mkuu, usiangalie ungio tu, angalia linasugua nini. Zamani ndo walichomelea hizo chembe za tungsteni, bomba likadumu kweli, ila chembe zikichomoza zinakuwa tupa, zinakula kesingi (bomba kubwa linaloshikilia kuta za kisima) kwa ndani, na kesingi ikishakuwa nyembamba haibebi presha tena. Bomba lililolika unalibadilisha, kesingi iliyosementiwa huko chini utaichomoaje? Ndo maana kuanzia miaka ya 1990 wengi wakahamia aloi za chuma zenye kromu ambazo zinalinda ungio bila kuikwangua kesingi. Na bahari kuu ni mbaya zaidi, mkondo ukisukuma raiza (bomba kubwa linalotoka riga hadi kisimani chini baharini) ikalala kidogo tu bomba linaegemea upande mmoja pale juu ya BOP (vali kubwa za kufungia kisima), linazunguka hapohapo kutwa.

Kotingi_HVOF: Kwenye rodi ndo tungsteni inafaa, ila ya kupuliza kwa HVOF (mashine inayorusha unga uliopashwa moto kwa kasi kubwa), unene kama milimita 0.1 hadi 0.3. Kromu ina nyufa ndogo hata huzioni kwa macho, maji ya chumvi yanapenya, chuma kinaota kutu chini kwa chini halafu kromu inabanduka na kuchana sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje). Na mvuke wa bafu la kuchovyea kromu unaleta kansa ya mapafu, vijana walindwe jamani. Sasa ukinunua mashine ya HVOF ukafanya mzaha kwenye kupiga mchanga umepoteza hela, uso uwe safi, wenye mikwaruzo, na upulize mapema kabla haujashika kutu. Finishing ni jiwe la almasi, la kawaida haliiwezi.

Fundi_Mtwara: Nimewaelewa wakuu asanteni. Sasa riga ikiwa kazini utajuaje kesingi inaliwa?

Mchorongaji: Weka sumaku kwenye mfereji tope la kuchorongea linaporudi kutoka kisimani, zifute kila shifti, upime uzito wa vyuma vilivyonasa na uandike. Vikianza kupanda ghafla mwambie msimamizi siku hiyohiyo.