Nimefuta picha zaidi ya 600, simu bado inasema imejaa

MamaTatu:
Habari zenu wakuu. Natumia Android ya GB 32. Jumamosi mwanangu wa mwisho alisimama mwenyewe, akaachia kochi, akaanza kumfuata dada yake. Hatua zake za kwanza! Nikafungua kamera, ikagoma: nafasi haitoshi. Alipiga hatua nne, akakaa chini, na sina hata sekunde moja ya video. Niliumia mno.

Usiku nikafuta picha moja moja, zikapita 600. Asubuhi naangalia, nafasi iliyobaki ni MB 210, ileile ya jana. Nimeshauriwa niirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani, lakini kwenye WhatsApp kuna jumbe za sauti za marehemu baba. Hizo sithubutu kuzichezea. Nafasi imeenda wapi?

FundiWaUsiku:
Pole sana dada, na usiifute simu yote. Picha zako bado zimo humo humo. Ukifuta kwenye galari zinaingia kwanza kwenye pipa la taka, na simu nyingi huziweka hapo siku 30. Muda wote huo zinakula nafasi. Fungua pipa, pitia upesi, kisha limwage.

Ila kabla ya kugusa kitu kingine, okoa sauti za mzee. Fungua programu ya mafaili, ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Utakuta folda zenye namba kama 202131. Huo ni mwaka na wiki: wiki ya 31 ya 2021. Kumbuka mzee alikutumia lini, nenda kwenye wiki hizo, nakili mafaili yanayoanza na PTT uyaweke kwenye kompyuta au flashi. Sikiliza kila moja huko ulikoiweka kabla hujaendelea.

Kisha rudi folda ya WhatsApp Video, ndani yake kuna nyingine inaitwa Sent. Wengi hawaijui. Video unayotuma kwa mtu inaweza kuacha nakala humo, kwa hiyo ile uliyorekodi mwenyewe unakuwa nayo mara mbili.

Zawadi_K:
Naongezea. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kusimamia hifadhi. Inakupangia mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Anzia hapo, kwa sababu video moja ya kundi inazidi mamia ya picha ndogo. Halafu zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, la sivyo mwezi ujao utarudi kulekule.

Kuwa makini na kitu kimoja: kwenye taarifa za programu, "futa akiba" haina madhara, lakini "futa data" kwa WhatsApp ni kupoteza mazungumzo. Vitufe hivyo vinakaa jirani kabisa.

MamaTatu:
Nimerudi. Pipa la taka limenipa GB 1.9. Sent ilikuwa na GB 3.1, nyingi ni video za harusi ya mdogo wangu nilizotuma kwa ndugu mmoja mmoja, na zangu halisi bado ninazo kwenye galari. Sasa nina zaidi ya GB 5.

Jumbe za baba nimezipata 43. Zote kwa pamoja hazifiki MB 10! Nilidhani ndizo zinazojaza simu, na kuna siku nilikaribia kuzifuta. Nyingi anauliza tu kama nimeshakula. Zimeishia na .opus, je, kompyuta itazifungua?

FundiWaUsiku:
Programu ya VLC inazifungua bila shida. Usizibadilishe kuwa mp3, ziache kama zilivyo. Na weka nakala sehemu mbili tofauti, flashi hufa bila kuaga.

MamaTatu:
Nimefungua ya kwanza sasa hivi. Inasikika vizuri. Asante sana kaka.