Naombeni ushauri: mwanangu atamzungumzia rubani Hampton Gray, na rafiki yake darasani ni Mjapani

Mama Idrisa
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za siku. Nauhitaji ushauri wenu kabla ya tarehe 11 Novemba, siku ambayo huku Kanada huwakumbuka askari waliokufa vitani. Tunaishi Calgary. Mwanangu yuko darasa la sita, na kila mtoto amepangiwa askari mmoja wa kumzungumzia mbele ya wazazi kwa dakika kumi. Wangu kapangiwa Luteni Robert Hampton Gray, rubani wa jeshi la majini.

Tumeshasoma naye mengi. Gray alizaliwa mwaka 1917 Trail, British Columbia, akakulia mji wa Nelson ambako baba yake alikuwa sonara. Alijiandikisha hapa hapa Calgary mwaka 1940. Alikufa tarehe 9 Agosti 1945 akiwa na miaka 27, akiishambulia meli ya Japani katika ghuba ya Onagawa, na baadaye akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Hakuna Mkanada aliyeipata nishani hiyo kwa kitendo cha baada ya hapo.

Mambo mawili yananisumbua. Rafiki mkubwa wa mwanangu darasani ni binti ambaye wazazi wake wametoka Japani, na nao watakuwepo siku hiyo. Mtoto kaniuliza: "Mama, nikishasema aliizamisha meli, wale waliokuwemo niwaseme vipi?" Sikuwa na jibu. La pili, Gray alikaa Afrika Mashariki karibu miaka miwili, na mzazi mwenzangu mmoja anasema sehemu hiyo tuiruke kwa kuwa hakupigana huko. Mimi moyo wangu unakataa. Nisaidieni.

Mzee wa Raskazone
Marahaba mwanangu. Usiiruke hata kidogo.

Aprili 1942 manowari za Japani za kubeba ndege ziliishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zikarudi nyuma mpaka Kilindini, bandari ya Mombasa. Tangu hapo pwani yetu ikawa na kazi kubwa. Kilindini iligeuka makao ya kikosi kizima cha meli za kivita, na vikosi vya ndege vya majini vikapangwa nchi kavu. Gray alirusha ndege aina ya Hurricane katika vikosi vya 795, 803 na 877, makao yake yakiwa Nairobi. Hicho cha 877 kiliundwa hapa kwetu Tanga mwaka 1943. Kazi ilikuwa kulinda bandari na kujiweka tayari, maana hakuna aliyejua kama manowari zile zingerudi. Hazikurudi.

Ndiyo maana watu wanasema hakufanya kitu. Lakini kijana huyu alikuja akiwa rubani mgeni, akaondoka akiwa rubani aliyekomaa. Ustadi alioonyesha Norway na Japani aliupata wapi kama si kwenye saa zile za angani? Tena mtoto wako ana asili ya huku. Aseme jina la Tanga mbele za watu wa Calgary, asione haya.

Fundi Ndege
Dada, mimi ni mtu wa ndege, nikusaidie upande huo.

Mwaka 1944 Gray alihamia kwenye Corsair, kikosi cha 1841, ndani ya HMS Formidable, manowari ya kubeba ndege. Corsair ilikuwa ndege yenye nguvu nyingi lakini pua yake ndefu ilimziba rubani asione sitaha wakati wa kutua. Waingereza wakazoea kuja kwa kukata kona hadi dakika ya mwisho ili rubani aendelee kuiona meli. Mabawa nayo walilazimika kuyapunguza nchani, la sivyo yakikunjwa hayaenei kwenye vyumba vya kuhifadhia ndege ndani ya manowari zao. Watoto wanapenda mambo kama haya. Mchoree bawa lile lililopinda, alibandike ubaoni.

Agosti 1944 walitumwa kuishambulia Tirpitz, manowari kubwa ya Wajerumani iliyokuwa imejificha kwenye hori nyembamba kaskazini mwa Norway. Corsair zilitangulia kushuka na kuzifyatulia risasi mashine za kutungulia ndege, ili wenye mabomu wapite. Tarehe 29 Gray aliziendea manowari nyingine zilizokuwa karibu, usukani wa mkia wa ndege yake ukapigwa, lakini akairudisha na kutua salama. Kwa hilo alitajwa kwa heshima katika taarifa rasmi za kijeshi. Tirpitz yenyewe ilikuja kuzamishwa Novemba na ndege nyingine.

Kisha Pasifiki. Formidable iligongwa na ndege za kujitoa mhanga mara mbili, Mei 4 na Mei 9, 1945, na kilichoiokoa ni sitaha yake ya chuma kinene. Julai, Gray alisaidia kuzamisha manowari, akapewa Distinguished Service Cross, nishani nyingine ya ushujaa. Ilitangazwa akiwa ameshafariki.

Kilindini Juu
Asante Mzee wa Raskazone kwa kuitaja Kilindini. Nami niongeze neno, dada yangu. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Mombasa kwenda Ceylon, imebeba mamia ya askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia. Karibu na Maldivi nyambizi ya Japani ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Waliokufa ni karibu watu 1,300. Kwa hiyo hofu iliyowaweka akina Gray kwenye pwani hii haikuwa ya kubuni. Ilikuwa na makaburi yake, ila yako chini ya bahari.

Simba Mwenda Pole
Mimi nasema wazi. Mtoto wetu anafundishwa kumsifu rubani wa dola iliyotutawala, huku babu zetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopigana Burma hawatajwi. Mwambie mwalimu ambadilishie.

Mama Idrisa
Kaka, uchungu wako nauelewa. Lakini mtoto kampenda huyu Gray. Amejua kwamba ndugu yake Gray, Jack, naye alikuwa mwanahewa na alikufa mwaka 1942, kwa hiyo wazazi wale walizika matumaini ya wana wawili. Siwezi kumnyang'anya. Nikiwaweka askari wetu ndani ya hadithi hiyo hiyo, si itakuwa nimetenda haki?

Simba Mwenda Pole
Ukifanya hivyo sina neno. Waweke hao wa Khedive Ismail.

Bibi Mwalimu
Binti yangu, nimefundisha historia miaka mingi. Swali la mwanao ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima. Asilifiche. Aanze nalo.

Nenda naye polepole kwenye ile siku. Hiroshima ilikuwa imeshapigwa Agosti 6. Kila mtu alihisi vita vinaisha, na marubani walikuwa wameonywa wasijihatarishe ovyo. Asubuhi ya Agosti 9, siku ile ile ya Nagasaki, Gray aliongoza Corsair kuelekea uwanja wa ndege wa Matsushima. Uwanja ulikuwa umeshashambuliwa, wakageukia meli alizokuwa ameziona Onagawa. Alishuka chini kabisa, risasi zikitoka kwenye meli na kwenye milima ya pande zote. Ndege ikashika moto. Hakugeuka, akaachia bomu akiwa mita kama 15 kutoka kwenye shabaha, na meli ya Amakusa ikazama na watu wengi. Ndege yake ikaanguka ghubani. Mwili wake haukupatikana.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1989 watu wa Onagawa, mji ule ule alioushambulia, walikubali kumwekea jiwe la kumbukumbu, mahali ambapo wao pia huwakumbuka wafu wao wa siku ile. Askari wa kigeni kuwekewa kumbukumbu katika ardhi ya Japani ni jambo la nadra mno. Tsunami ya Machi 2011 ilipouvunja mji, jiwe lile nalo liliharibika. Mji uliopoteza watu wake na nyumba zake ukalitengeneza tena, ukalihamishia karibu na hospitali.

Jibu la mwanao wamelitoa watu wa Onagawa wenyewe. Awataje waliokufa kwenye Amakusa kwa sauti ile ile anayomtajia Gray. Na usingoje siku yenyewe: wapigie simu wazazi wa yule binti, waambie mtoto atasema nini. Pengine wataongeza jambo wao.

Mama Idrisa
Bibi, nimekusomea kwa sauti, mtoto kasikiliza mpaka mwisho. Kasema anataka kumwomba rafiki yake amfundishe kutamka Onagawa na Amakusa sawasawa. Mama yake nitampigia jioni hii. Swali langu la mwisho: dakika kumi zigawanywe vipi?

Bibi Mwalimu
Nelson na familia, dakika moja na nusu. Pwani yetu, mbili, pamoja na Khedive Ismail. Norway, mbili, na mchoro wa Fundi. Pasifiki ya Mei na Julai apite haraka. Zilizobaki zote ziwe za Onagawa, tangu 1945 mpaka 2011.

Fundi Ndege
Kimoja tu cha kurekebisha kabla hajaandika: maelezo ya nishani yanaiita Amakusa meli ya daraja kubwa kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa manowari ndogo ya kusindikiza misafara. Akiitaja kwa jina lake tu atakuwa salama. Mchoro wa Corsair nitaumalizia kesho nikutumie.