Joginder Singh na Shekhar Mehta, nani mkali zaidi wa Safari Rally?

Wakuu, kila Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, ikikaribia ubishi huu unarudi, watu wanasema Mehta kashinda mara 5, Joginder mara 3, hesabu imeisha. Mimi nabisha, tena nabisha kwa nguvu zote.

Joginder ni mzaliwa wa Kericho, fundi kabla hajawa dereva, gereji ya baba yake ndo iliyomlea. 1965 anashinda na Volvo PV544 ya mtumba, gari ambalo lilishapigishwa rali huko nyuma, mwelekezi wake (anayekaa pembeni kumsomea njia) ni ndugu yake Jaswant. 1974 anarudi na Mitsubishi Lancer, kagari kadogo tu, dereva Msweden Björn Waldegård na Porsche yake akaishia wa pili, halafu 1976 tena na Lancer. Ila mimi kinachonifanya nimpe heshima zaidi ya ushindi ni hiki: kaingia Safari mara 22 kamaliza 19. Na tunaongelea Safari ya zamani jamani, maelfu ya kilomita, masika ya Pasaka, tope mpaka kwenye mlango, 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho ni 7 tu kila mwaka na Joginder yumo mara zote mbili. Gari likikufia porini unashuka unalifungua mwenyewe, ndo maana ufundi wake nauhesabu kama sehemu ya udereva.

Mehta simvunjii heshima. 1979 hadi 1982 mfululizo, hilo hakuna aliyewahi kulifanya Safari. Hata ushindi wake wa kwanza, 1973, alilingana pointi za adhabu (mwenye chache ndo mshindi) na dereva mwenzake Harry Källström ikabidi kanuni iwatenganishe. Lakini nyuma yake kulikuwa na kampuni nzima ya magari ya Datsun na mafundi wao. Mtasema Mitsubishi nao walimbeba Joginder, sawa, je 1965 alibebwa na nani?

Na wale mnaosema Mehta ahesabiwe wa Uganda hapo nawakatalia kabisa, hiyo hoja haina utu. Kweli kazaliwa Uganda, Amin akawafukuza Waasia 1972 na familia yake ikiwemo, mwaka uliofuata tu jamaa anashinda Safari yake ya kwanza, akaishi na kukimbia rali kama Mkenya. Kenya imheshimu kama wake.

Upande wa Mehta njooni basi mnijibu hili moja, Safari ipi alishinda na gari la kununua mkononi kama ile Volvo?