Kamera ya roboti inaona shabaha jioni tu, mchana inachanganyikiwa

Kipanga77
Wakuu habari za humu. Tuna karoboti ketu ka klabu, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kamera ya USB, kazi yake itafute shabaha ukutani kisha igeuke mpaka iwe imeielekea sawasawa. Shabaha ni mkanda wa riflekta, ule wanaobandika nyuma ya malori, halafu tumezungushia lenzi taa za LED za kijani, wazo tuliliona kwa timu za Marekani za FIRST, yale mashindano ya roboti ya wanafunzi. Jioni darasani inapiga kazi safi. Juzi tumeipeleka ukumbini saa nne asubuhi, jua linaingia madirishani, ikaachana na shabaha ikaanza kumfuata jamaa mwenye tisheti ya kijani, watu wakacheka mpaka basi. Nimechezea namba za HSV (zile za kuchuja rangi: H rangi yenyewe, S ukolevu wake, V mng'ao) nimechoka, nikipatia asubuhi jioni inaharibika. Nifanyeje?

MzeeWaWaya
Achana na HSV kwanza mkuu. Kamera yako iko otomatiki, mchawi ndo huyo. Mwanga ukizidi inajibana, ukipungua inajiachia, na rangi nayo inajirekebishia yenyewe, sasa kijani cha saa nne asubuhi sio kile cha jioni, utakimbizana nacho mpaka uzeeke. Zima eksposha ya otomatiki (kiasi cha mwanga kamera inaoingiza), zima na waiti balansi ya otomatiki (ile ya kurekebisha rangi). Kwenye Linux andika v4l2-ctl --list-ctrls utaona vyote vinavyozimika. Kisha shusha eksposha mpaka picha iwe nyeusi tii, ubaki mkanda tu unawaka. Riflekta inarudisha mwanga kulekule ulikotoka, ndo maana taa zinakaa kwenye lenzi, tisheti inautawanya huku na huku kwa hiyo kwenye giza hilo haina lake.

mama_pikseli
Naongezea. Mkanda wa malori si una vyekundu na vyeupe? Vile vyekundu vinameza kijani, kamera inaona vyeupe tu, shabaha moja inakatika vipande vipande. Tafuta mweupe mtupu. Na eksposha ikiwa juu mkanda unaungua katikati unakuwa mweupe pee, S inaanguka, ndo hapo unapanua namba zako na tisheti inaingia humohumo 😂

Kipanga77
Duh, kumbe!! Ndo maana nilikuwa napata maboksi matatu kwenye shabaha moja nikadhani kodi ya programu ina kasoro. Nimezima vyote na kushusha eksposha, tisheti imepotea kabisa. Ila dirisha bado linawaka kama shabaha.

MzeeWaWaya
Dirisha likiwa na jua hulizimi kwa eksposha. Chuja kwa umbo, kama mkanda wako urefu ni mara tano ya upana, chochote kisichokaribia hapo tupa. Au roboti ikisimama piga picha taa zikiwaka, piga nyingine zikizimwa, toa moja kwenye nyingine. Dirisha lipo kwenye zote mbili linajifuta, mkanda unabaki.

chipsi_mayai
Kwani lazima mkanda? Hao FIRST wenyewe kwenye FRC, mashindano yao ya sekondari, wameingiza AprilTag tangu 2023, alama za mraba zinazofanana na QR, kamera inasoma utofauti wa nyeusi na nyeupe, mambo ya rangi hayaihusu. Chapisha kwenye karatasi ya kawaida, usiifanyie laminesheni, ikimeta imekufa. Na usiishushie eksposha kama ya mkanda maana haijiwakii, inategemea mwanga wa ukumbi.

Kipanga77
Sheria za mashindano yetu zinataka mkanda mkuu. Ile ya kutoa picha nimeijaribu sasa hivi na tochi ya simu badala ya dirisha, tochi imefutika, mkanda upo. Kesho saa nne narudi ukumbini, jamaa wa tisheti nimemwambia aje nayo.