Tupeane uzoefu: waini nzuri kwa bajeti ndogo, Mwanza na kanda ya ziwa

MamaPasiansi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi na mume wangu tuna utaratibu wetu: mwisho wa mwezi, ada zikishalipwa, tunanunua chupa moja ya waini tunakaa kibarazani. Bajeti ni elfu 15, ikizidi sana elfu 20. Kwa pesa hiyohiyo nimewahi kunywa waini iliyonifurahisha kweli na nyingine iliyonisikitisha.

Mwaka jana nilinunua nyekundu ya Afrika Kusini kwenye duka fulani la barabarani. Chupa zilikuwa zimepangwa dirishani, jua la saa 9 linazipiga. Kufika nyumbani nikabandua karatasi ya shingoni, nikakuta kizibo kimejisukuma juu, na pembeni yake kuna majimaji yaliyokauka yananata vidoleni. Tukafungua hivyohivyo. Ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa, rangi imeanza kuwa ya kahawia, mdomoni haina uhai. Niliumia, maana ndiyo ilikuwa chupa yetu ya mwezi ule.

Mwezi uliofuata nikanunua lebo ileile, mwaka uleule wa mavuno, duka jingine, rafu ya ndani kabisa yenye kivuli. Ilikuwa kinywaji kingine kabisa! Tangu hapo nachagua duka kwanza, chupa baadaye. Naingiza mkono nyuma ya rafu, nashika chupa, ikiwa na joto naiacha. Kama chupa ni ya kioo cheupe naogopa zaidi, kwa sababu mwanga nao unaiharibu waini. Na nyumbani chupa ya kizibo cha gome nailaza chini ya kitanda, kizibo kisikauke. Za kifuniko cha kuzungusha hata zikisimama hakuna shida.

Haya, na nyie tupeni uzoefu wenu.

Dereva wa Nzega

Dada umegusa penyewe. Mimi napiga njia ya Dodoma–Mwanza mwaka wa sita sasa, na niseme wazi kwamba waini za Dodoma tunazidharau bure. Kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Nyekundu nyingi zinatokana na zabibu inayoitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo, na nyeupe nyingi ni Chenin Blanc, ileile wanayoilima kwa wingi Afrika Kusini. Ushuru wa waini ya zabibu za ndani ni mdogo kuliko wa ile ya nje, kwa hiyo elfu 10 yako inalipia zaidi kilichomo ndani ya chupa.

Ila angalia mwaka. Waini za bei yetu hazikutengenezwa zikae kabatini miaka kumi, zinataka kunywewa zikiwa changa. Ukiona chupa ina vumbi usidhani ni hazina.

Safari moja nilibeba katoni mguuni pa kiti, karibu na injini. Singida, Nzega, Shinyanga, mpaka Usagara chupa zilikuwa za moto kama chai. Nilimpelekea mama mkwe chupa mbili na zote zilikuwa zimekufa, nikaona aibu mbele yake. Siku hizi nazifunga kwa gunia bichi, nasafiri nazo usiku.

Nyumba ya Igoma

Kwa shughuli, boksi. Kwenye kichen pati ya mdogo wangu tulinunua maboksi mawili ya lita 5 badala ya chupa 13. Boksi moja linatoa glasi 33 za kawaida, bei ikawa karibu nusu. Faida nyingine ni kwamba ule mfuko wa ndani unasinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo kilichobaki kilikaa kwenye friji wiki tatu kikiwa salama. Chupa ukishaifungua una siku 3 hadi 5 tu.

Sato Mbichi

Naomba kuuliza. Nyekundu zote ninazonunua zinanikausha mdomo, ulimi unakuwa kama nimelamba ndizi mbichi. Ndiyo ubovu wenyewe? Nimeacha kununua kabisa.

Dereva wa Nzega

Hapana mkuu, hizo ni tanini, zinatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani inafanya vivyo hivyo. Kunywa na nyama choma yenye mafuta utaona ukali unatulia. Na usikimbilie tamu kwa sababu hiyo, maana sukari nyingi huficha waini dhaifu. Ukitaka kavu, yaani isiyo tamu, tafuta neno "dry" kwenye lebo.

Mjukuu wa Ukerewe

Mimi kwa samaki sina mjadala. Sato wa kukaanga, ndimu, kachumbari, na Chenin Blanc ya bei ya chini iliyokaa friji masaa mawili. Ule uchachu wake unafanya kazi ya ndimu. Wikiendi iliyopita tulikaa ufukweni tunaangalia feri inatoka Kamanga, chupa tumeizamisha kwenye ndoo ya barafu na maji. Barafu peke yake inachelewa, changanya na maji chupa ipoe haraka.

Halafu jamani, habari ya kusema nyekundu inywewe kwa joto la chumba ilitoka kwa watu wenye nyumba za baridi, nyuzi 16 hadi 18. Sebule yangu mchana ni 28! Nyekundu nayo iingize friji dakika 20 kabla. Pombe haikupigi puani, tunda unalisikia.

Nyumba ya Igoma

Na stempu ya TRA msisahau. Iskani kwa programu ya Hakiki Stempu palepale dukani, kabla ya kutoa hela. Ikikataa, rudisha chupa.

MamaPasiansi

Asanteni sana wakuu. Hiyo ya dakika 20 sikuwahi kuisikia, na nina Pinotage, nyekundu ya Afrika Kusini, ya elfu 18 chini ya kitanda tangu Jumanne. Mume wangu anatoka kazini saa 12, saa 11 na dakika 40 naiingiza friji. Kesho nitawaletea majibu.